Ufunguo Niliohama Nao

Ndugu wanachama, mwenyekiti amenipa dakika tano, zinanitosha. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili tu, lakini mikokoteni mitano mnayoiona ikipita hapa Kariakoo kutwa ni yangu, na hakuna mjomba aliyenipa hata gurudumu. Ila leo sikusimama kujisifu. Nimesimama kusema nilivyoliwa na wivu.

Wakati ule nilikuwa na mkokoteni mmoja, tena wa kukodi. Tulipanga chumba kimoja na mwenzangu, fundi cherehani. Karatasi hatukuandikishana. Tulisimama mbele ya bibi mwenye nyumba na balozi wa nyumba kumi, tukasema kodi nusu kwa nusu, bibi akatupa kufuli moja na funguo mbili. Basi.

Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu aliumuka kama unga wenye hamira. Kina mama wakajaa barazani na vitenge vyao, fundi hivi, fundi vile. Siku moja narudi na jasho langu, mmoja akasema, "Kumbe fundi ana mpagazi wake!" Mwenzangu akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka. Baada ya wiki akaniambia mahari ameshatoa, anaoa. Mimi hata shati la pili sina.

Asubuhi moja nikakunja mkeka wangu, nikahamia Buguruni. Sikumuaga bibi wala balozi. Ufunguo nikaufunga kamba, nikauvaa shingoni. Makusudi! Nilijua atakwama. Mwanamume gani ataingiza mke chumba ambacho mwanamume mwingine ana ufunguo wake? Na kufuli mpya miaka ile ungeipata wapi? Madukani zilibaki rafu tupu. Nikilala naushika, nasikia raha. Mnaiona raha ya mwenye wivu? Mwenzake amelala kitandani, yeye kwenye mkeka, na bado anajiona mshindi.

Miezi minne ikapita. Nikataka leseni ya mkokoteni wangu mwenyewe, nikaambiwa lete barua ya balozi. Balozi wa Buguruni akanirudisha kwa yule wa zamani, aseme kama nilitoka kwa heri. Nikamkuta barazani na bibi.

"Barua utapata," akasema, "ukishalipa nusu yako ya miezi minne. Mwenzio amekulipia asije akafukuzwa."

"Mimi nilishahama! Mkataba uko wapi? Nionyesheni karatasi!"

Bibi hata sauti hakupandisha. "Karatasi ya nini, mwanangu? Ufunguo wangu uko wapi?"

Wote wakanitazama shingoni.

Ndani cherehani ikanyamaza. Mwenzangu akatoka, amekonda. "Kaka, nimekukosea nini? Wakwe wananiuliza kama mahari nilitoa kwa mzaha."

Nilikuwa na uongo mwingi wa kusema, ndugu zangu. Ukanikauka mdomoni. Nikasema, "Hujanikosea. Nimekuonea wivu." Nikaivua ile kamba. Ilikuwa imeniachia alama.

Fedha sikuwa nayo. Fundi akafikiri, akasema, "Kitanda changu cha harusi kiko kwa seremala, mtaa wa Gerezani. Niletee. Halafu vyombo vya mke, halafu majora ya vitambaa, mpaka deni liishe."

Nikasukuma kitanda cha mwenzangu katikati ya Kariakoo, mchana kweupe, watu wanapiga kelele, "Bwana harusi, hongera!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kabla sijafika, wawili walishaniuliza bei ya kubebewa vyao. Kazi yangu yote ya leo imeanzia pale. Yaani hata mali yangu imeanza na kitanda chake! Hilo nalo, niwe mkweli, linaniuma mpaka leo.

Namshukuru bibi, hakunipeleka kituoni. Namshukuru balozi, barua aliniandikia siku ileile deni lilipokwisha. Namshukuru na fundi. Hili shati nililovaa kashona yeye, na bei hakunipunguzia.

Basi, ukihama kwa watu, lipa, aga, rudisha ufunguo, hata kama hamkuandikishana kitu. Wivu sijapona wote. Nikipita pale nikasikia cherehani yake, naongeza mwendo. Lakini shingoni sina kitu.