Bi Mejumaa Gunga: Miaka Thelathini na Moja Kwenye Kaunta ya Stesheni

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mejumaa Gunga atastaafu rasmi baada ya kuitumikia Tausi Magari kwa miaka thelathini na moja na miezi minane. Muda wote huo amekaa mahali pamoja: kaunta yetu ya kukodisha magari hapa stesheni ya reli kisiwani Mombasa, hatua chache kutoka lango wanalotokea abiria. Sisi wafanyakazi wa leo tulimkuta pale, na hakuna kati yetu ambaye hakufundishwa kazi na yeye.

Aliajiriwa Machi 1994 kuandika mikataba na kupokea simu. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vitambaa dukani kwa shangazi yake Makadara. Kiitaliano alijifunzia hapa hapa kaunta, neno moja moja, kwa wageni walioshuka treni wakielekea Malindi. Hukisema kwa lafudhi ya Kidigo, na wageni humwelewa vizuri kuliko wanavyotuelewa sisi tuliosomea.

Wengi hawajui kwamba kwa karibu miaka kumi na minne ya mwanzo alikodisha magari bila kujua kuendesha hata moja. Siku moja mgeni alimuuliza kama klachi ya gari analopewa ni nzito, naye akamhakikishia kuwa ni nyepesi kabisa. Gari lenyewe halikuwa na klachi. Jioni ile ile akaenda kujiandikisha kwa mwalimu mmoja wa udereva Tononoka, na Aprili 2008 akapata leseni, kwa jaribio la tatu.

Leseni hiyo ilikuwa na miezi minne tu ilipotokea habari ambayo lazima niiandike, ingawa mwenyewe alinisihi niiache.

Ilikuwa Agosti, wageni wamejaa. Treni ya usiku kutoka Nairobi ilichelewa, ikaingia saa sita mchana. Akashuka Mwitaliano wa makamo aitwaye Matteo. Baba yake, mzee aliyehamia Malindi baada ya kustaafu, alikuwa amelazwa huko, na madaktari walikuwa wamemwambia mwanawe aharakishe. Ndege za Mombasa zilijaa, akapata ya Nairobi, kisha treni. Alikuwa hajalala siku mbili. Gari alikuwa ameshalilipia tangu kwao, na karatasi zake zote zilikuwa sawa.

Bi Mejumaa alimpeleka hadi garini. Matteo akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akanyoosha mikono kushika usukani. Kwao usukani uko upande huo. Kukosea mlango si ajabu. Wageni hukosea kila wiki na hucheka. Huyu hakucheka. Alibaki na mikono mbele yake, macho wazi, kama asiyejua ni kitu gani kinachokosekana.

Bi Mejumaa akautia ufunguo mfukoni.

Matteo alikasirika, kisha akaanza kubembeleza. Alitaka kujua kwa nini ananyimwa gari alilolilipia ilhali babake yuko kitandani anakata roho. Bi Mejumaa alimjibu taratibu, kwa Kiitaliano chake: "Babako anakungoja ufike. Ukiendesha hivi, hutafika."

Akampigia simu Bwana Haroon, mwenye kampuni, amtumie dereva. Hakukuwa na dereva. Wote walikuwa njiani. Bwana Haroon akamwagiza ampe mgeni ufunguo, kwa kuwa mkataba umeshatiwa saini, na arudi kaunta maana kuna watu wanangoja. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa adabu ile ile tunayoijua.

"Bwana Haroon, nampeleka mimi," akasema. "Ukiona ni kosa, nifute kazi nikirudi."

Akafunga kaunta mchana kweupe. Hakuwahi kuendesha gari kupita Mtwapa. Amenisimulia kwamba kwenye daraja la Nyali aliubana usukani kwa nguvu zote hata akaogopa mgeni ataona, lakini Matteo alikuwa keshalala, kichwa kwenye kioo. Kilifi alisimama, akajifanya anakagua magurudumu, kumbe anaipumzisha mikono. Alasiri wakafika hospitalini. Bi Mejumaa akamwamsha, akamkabidhi ufunguo, akamwambia asiendeshe mpaka alale usiku mmoja. Mwenyewe akalala kwa binamu yake Malindi, akarudi kwa basi la alfajiri.

Mezani alikuta barua ya onyo. Aliisoma, akaitia saini, akafungua kaunta.

Baada ya siku tisa Matteo alirudisha gari, safi, bila mkwaruzo. Babake alikuwa amefariki siku ya tatu. Bwana Haroon alikuwepo siku hiyo, na ndiye aliyenieleza. Matteo aliweka ufunguo juu ya kaunta, akasema maneno machache kwa Kiitaliano, na Bi Mejumaa akainama kulia. Bwana Haroon akamuuliza Bi Mejumaa mgeni amesema nini.

"Asema babake alimtambua."

Barua ya onyo ilifutwa wiki hiyo. Tangu hapo, mgeni yeyote anayetoka safari ndefu hupewa dereva kwa siku ya kwanza bila kuongezwa malipo. Kwenye vitabu vya kampuni huo ni utaratibu wa usalama. Sisi huuita "siku ya Mejumaa".

Reli mpya ilipohamishia abiria wa Nairobi kule Miritini, kaunta yetu nusura ifungwe. Ni yeye aliyeshikilia ibaki, akaenda Miritini kila asubuhi kwa wiki sita kuwaeleza wasafiri kwamba kisiwani bado tupo. Leo Cynthia na Nadeem wanapokea wageni wa kutosha, na ndio watakaoshika nafasi yake.

Ana ukali wake pia. Ukimkabidhi mgeni gari bila kumzungusha kwanza Makadara mara mbili azoee barabara zetu, utaitwa pembeni. Niliitwa mara nne. Na chai ya kaunta haruhusu mtu mwingine kuitia tangawizi.

Sasa anakwenda nyumbani Tononoka, kwa mumewe Mzee Ngala. Mwezi Januari watasafiri kwa bintiye Nasiha, Tanga, wakamwone mjukuu ambaye wamemjua kwenye simu tu. Safari hiyo, ameniambia, watapanda basi.

Bi Mejumaa, asante kwa kila mgeni uliyemtazama usoni kabla ya kutazama karatasi zake, na asante kwa kutufundisha kutazama hivyo. Twakuombea afya, usingizi mnono, na mjukuu akukimbilie mlangoni.

Fadhiya, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako