Marehemu Mama Yetu, Mpishi wa Shule Asiyeamini Mzio

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma mpaka darasa la saba. Alipenda hesabu na hakupenda kusahihishwa. Hilo la pili alidumu nalo.

Mwaka 1983 aliolewa na marehemu baba, dereva wa lori, mtu mpole. Ilibidi awe mpole. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1986 aliajiriwa kupika katika shule ya msingi tuliyopakana nayo. Januari 2021 binti yangu alipoanza darasa la kwanza, niliingia jikoni nikasema: mtoto huyu ana mzio wa yai, asile hata chembe. Mwalimu mkuu, aliyekuwepo jikoni, alinicheka. “Mama, tukimpikia kila mtoto cha kwake si tutafungua hoteli?” Mama naye akadakia, “Wangapi wamekula mikononi mwangu? Nani alikufa? Unamdekeza tu huyo.”

Siku ya kufunga muhula mama alimpa kipande cha keki kwa siri, ili anikomeshe. Mtoto alivimba uso, pumzi ikakata, akaanguka kati ya madawati. Nilimchoma sindano ya dharura palepale sakafuni. Mwalimu mkuu alikuwa anatuomba tusipige kelele, wageni wanasikia.

Mama hakuomba radhi. Nasema mbele ya jeneza lake: hakuomba. Ila alikuwa na kuku aliowapenda kuliko baadhi yetu, na wiki iliyofuata nilikuta banda tupu, limefagiliwa.

“Mama, kuku wako wapi?”

“Walikuwa na kelele.”

Tangu hapo yai halikuingia jikoni kwake, wala jikoni kwa shule. Kuna mwalimu wa zamu alikuja na yai la kuchemsha mfukoni, mama akamsindikiza na mwiko mpaka akalifukia nyuma ya choo. Amekaa mstari wa pili pale, anaangalia viatu vyake.

Juni 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mayai yakarudi shuleni. Binti yangu akawa anakula peke yake kwenye ngazi, na wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu akaniambia nimtafutie shule nyingine, “kwa usalama wake.” Nilimweleza mama wodini, alikolazwa tena. Alinitazama sana, akauliza, “Nani anapika?” Alifariki tarehe 2 Februari 2024.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na jiko lisilo na mwenyewe. Binti yangu hahami. Jumatatu yeye anaingia darasani, mimi naingia jikoni na mwiko wa bibi yake.

Mama, pumzika kwa amani, kazi yako umeimaliza. Mwalimu mkuu, wewe usipumzike kwanza.