Wilhelmina Kashindye, Fundi wa Groingi

Ndugu na jamaa, majirani wa Kirumba na Ilemela, na ninyi mliosimama juani kwa sababu mikeka imekwisha, familia inawaomba masikio yenu kidogo, ili mama huyu tumsindikize tukiwa tumemsimulia kama alivyokuwa.

Wilhelmina Kashindye alizaliwa Kisesa tarehe 3 Machi 1912, enzi za Mjerumani, akabatizwa jina refu kuliko kitambaa alichofungiwa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Chenge, mfugaji. Mwaka 1922 aliingia shule ya misheni, akajifunza kusoma, kuhesabu na kushona, ila Kiingereza hakupata hata neno, kwani masista wenyewe walikuwa wakikasirika wanagomba kwa Kifaransa. Tarehe 12 Oktoba 1935 alifunga ndoa na marehemu Masalu, seremala, wakahamia mjini Mwanza, wakajaliwa watoto wanne, watatu wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, akabaki Odeta peke yake, aliyezaliwa tarehe 20 Julai 1944 kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi kwamba majirani waliokuja kutoa hongera walijikuta wanasema pole, na mmoja akaapa kwamba mtoto yule angetosha kwenye droo ya cherehani.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na shughuli moja tu duniani, kuhakikisha huyu anakua.

Mwaka 1950, akiwa anashona kwenye baraza ya duka mjini, alikuja mama mmoja wa Kizungu na mwanawe, akataka kaptula yenye pindo nene lililokunjwa kwa ndani, huku akirudia neno moja na kumpigapiga mtoto begani. Mpishi wake, Yahaya, ndiye aliyefafanua, akasema, "Groingi, mama, ni mtu ambaye bado anakua, ukimwona leo usidhani umemmaliza." Marehemu aliacha kukanyaga cherehani, akaomba neno lirudiwe, likarudiwa, na kuanzia hapo neno lile likawa lake, hakuna nguo ya mtoto iliyotoka mkononi mwake bila pindo la kukulia, na watu wakaanza kuagiza groingi ya shule, groingi ya komunyo, hata mzee Shaibu, muuza samaki mwenye ndevu nyeupe, akadai kanzu ya groingi, na alipoambiwa kwamba yeye alishamaliza kukua akajibu, "Urefu nimemaliza, tumbo bado."

Lakini Odeta hakukua. Shule siku zile, kama mnavyokumbuka, mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi ashike sikio la upande wa pili, na Odeta alirudishwa nyumbani mwaka 1951, akarudishwa tena 1952. Januari 1953 Mwalimu Ndalahwa, ambaye tunaye hapa leo, alipowaona tena kwenye foleni akasema mbele ya wazazi wote, "Mama Odeta, hiyo groingi yako mbona mwaka wa tatu haijafika sikioni?" Watu wakacheka, na Mwalimu, anayependa kufundisha hata anapokataa, akaeleza kwamba neno hilo ni la kale sana kwa Waingereza, lina ukoo mmoja na neno lao la majani na lile la rangi ya kijani, lilikuwa la shambani kabla halijawa la darasani. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa heshima zote, "Sasa Mwalimu, hayo majani ya hapa Ilemela yalishika sikio kwanza ndipo yakaota?" Mwalimu akageuka, akayatazama majani yaliyojitokeza kwenye ufa wa jiwe nyuma ya darasa, mahali pasipo na udongo hata wa kujaza kiganja, akaandika jina.

Odeta alisoma, akakua taratibu, akamaliza shule ya kati mwaka 1960, Uhuru ukatukuta tunacheza ngoma, na mwaka 1962 akaanza mafunzo ya uuguzi. Ni mwaka huo ziwa lilipopanda likala vibanda vya samaki, watu wakikimbiza mizigo, na marehemu akasimama kwenye maji mpaka magotini, ameduwaa, akasema, "Kumbe na hili lote bado linakua."

Februari mwaka huu wa 1964 alianza kuumwa tumbo. Daktari alimpima, kisha akazungumza Kiingereza na Odeta, aliyekuwa zamu wodini, ili mgonjwa asisikie, na katika maneno yote aliyoyasema juu ya ule uvimbe marehemu alilijua moja tu, na ndilo lililotosha. Odeta alishindwa kutafsiri. Mama yake akamshika mkono, akasema, "Nimesikia, mwanangu. Hilo la tumboni litakoma siku nitakayokoma mimi. Wewe rudi ukasome, na siku ya mtihani usije hapa, hata wakikuita."

Ijumaa tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, Wilhelmina Kashindye alifariki dunia, Odeta akiwa katika chumba cha mtihani. Tangu jana wapo wanaouliza, tena kwa sauti ya kusikika, ni mtoto gani huyo anayemwacha mama yake akate roho peke yake. Familia inawajibu hapa mbele ya jeneza kwamba ni mtoto aliyetumwa, akaenda alikotumwa, na karatasi yake aliijaza yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, Mwalimu Ndalahwa, na mafundi wa barazani, wenzake marehemu, waliofunga kazi leo.

Odeta, sogea mbele, udongo wa kwanza ni wako. Na wewe Mama, kazi uliyopewa umeifanya, ipumzike roho yako kwa amani.