Mchuzi wa Mama Sharada

Nje ya stesheni ya Kilosa kuna benchi la mataruma ya reli, na benchi hilo lina wenyewe. Hapo ndipo Mudi huweka birika lake la kahawa na sahani ya kashata. Siku hiyo kashata zilisusiwa, maana Mzee Nassir, mstaafu wa reli, alikuja na hotipoti. Tangu alfajiri mkewe Joha alikuwa jikoni akiuhangaikia mchuzi wa Mama Sharada, marehemu yule, mjane wa Kihindu wa duka la kona aliyeupikia mtaa mzima kila sikukuu ya mungu wao Ganesha. Maboga, magimbi, ndizi mbichi, mbaazi, tui zito, kitunguu hakuna. Nassir aliutamani mchuzi ule mpaka akauota, basi akawaita wenzake wamwambie kilichopungua.

— Mtamu, lakini siyo wenyewe, alisema Wenceslaus, aitwaye Profesa kwa ubishi, si kwa shule. Ukwaju huu si wa kwao.

— Acha kamba! alidakia Evance Gia, dereva wa malori wa Mikumi. Siri ni maji. Alikuwa anayachota mto Mkondoa usiku, samaki wamelala.

— Samaki wanalala?

— Kwani wanakesha? Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje kwenye mchuzi?

— Kama chumvi!

— Sikilizeni, alisema Profesa. Ni treni. Garimoshi likipita, chungu kinatikisika, mboga zinajichanganya zenyewe bila mwiko. Hii treni mpya ya umeme inapita kule kimya kimya, mboga zitajuaje?

Nassir alicheka. Alikumbuka utotoni, vile vitafunio vyeupe kama vifuko, vya unga wa mchele, ndani nazi na sukari guru, juu ya jani la mgomba. Alikuwa akikimbia navyo nyumbani vikimuunguza vidole, na Mama Sharada amesimama mlangoni akihimiza, "Chukueni, chukueni!"

— Na Mama Sharada hakuwa anaonja, alisema Nassir. Mpaka Mungu apewe kwanza, kisha majirani. Joha naye kaishika mila hiyo, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Pembeni alikaa Tumwagile, mama mgeni kutoka Munisagara, akipumzisha gunia lake la mbaazi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Samahanini, nimewasikia. Akishawagawia wote, huyo mama alikuwa anakula na nani?

Wana wa Mama Sharada walikuwa Uingereza miaka mingi. Nassir aliuona tena ule mlango, ukifungwa taratibu nyuma ya watoto wanaokimbia na majani yao ya mgomba. Aibu ikamshika, na huruma nayo.

Akafunika hotipoti, akainuka.

— Mzee, kahawa yako hii! Mudi aliita.

— Na sisi hatujamaliza kuonja! Gia alilalamika. Unaenda wapi?

— Nyumbani, alisema Nassir. Joha hajala.