Kilichokuwa Ndani ya Uji wa Beatus

Tumsifu Yesu Kristo. Padre wetu, mwenyekiti wa kijiji, wafiwa na majirani wa Namawala, wazee wangu shikamooni. Mimi ni Anselim, kaka wa marehemu, na kwa wasionifahamu ni mlinzi wa ghala la mpunga pale Ifakara, kazi inayomfundisha mtu kushuku hata kivuli chake, na hapa msibani nimepata kazi ya kutosha. Nimesikia, maana watu hapa wananong'ona kwa sauti kubwa, kwamba shemeji yangu Kandida, mke wa marehemu, ndiye aliyemmaliza mumewe, na kwamba kesho kutwa atavushwa kivukoni kwenda kwa mnyoaji, anyolewe nywele zote ili atolewe uchawi. Kwa hiyo naomba historia hii isikilizwe mpaka mwisho, hasa na wale waliokaa karibu na njia.

Marehemu Beatus Viktor Matimbwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Namawala, mtoto wa Mzee Viktor na Mama Merina, waliotoka upande wa Mahenge kufuata mpunga, akabatizwa mwezi huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akamaliza darasa la saba akiwa hodari wa hesabu na mtundu wa kufungua redio za watu ambazo hazikuharibika. Mwaka 1977 alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara, akaanza kwa kubeba magunia, akapanda hadi kuwa fundi, na wengi mliopo hapa mchele wenu umepita mikononi mwake.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa takatifu na Kandida, parokiani Ifakara, Mungu akawajalia watoto wawili, Eustaki aliyezaliwa mwaka 1984 na Teddy aliyezaliwa mwaka 1987. Katika miaka kumi ya kwanza ya ndoa hiyo sikumsikia yeyote akimwita Kandida mchawi, nami nauliza tu, ni uchawi gani huo unaokaa jikoni miaka kumi ukisubiri zamu yake?

Ugonjwa ulianza mwaka 1993 wakati wa mavuno, Beatus akawa anasema kwamba mashine hata ikizimwa inaendelea kumsema kwa jina, akaacha kulala, akaacha kuoga, akawa hamruhusu hata mama yetu amguse. Sisi watu wa Namawala tumepimwa damu mpaka tumejiona madaktari, mtu akijikwaa ni malaria, akinuna ni malaria, basi ikatamkwa kwamba malaria imempanda kichwani, akanyweshwa klorokwini mpaka mwili ukamwasha, damu ikapimwa tena na tena bila kuonekana kitu, na bado mtu mzima akasimama akasema vijidudu vimejificha. Vijidudu vilipokosekana, watu wakaanza kutafuta mchawi.

Aliyetambua ugonjwa ni muuguzi, Sista Digna, ambaye alimuuliza Kandida bila kucheka, mumeo anasikia nini na tangu lini, kisha tarehe 3 Februari 1994 akawasindikiza kliniki, na daktari akaeleza kwamba huu ni ugonjwa wa akili, una dawa, na mgonjwa anahitaji dawa hizo kila siku na watu wasiomcheka. Beatus alipata nafuu kubwa, mwaka 1995 akarudi kwenye mashine, ila kumeza vidonge kulimshinda, kila mara alivitapika, hivyo kwa ruhusa ya daktari, na Beatus mwenyewe akitazama, Kandida alivisaga akavikoroga katika uji wa asubuhi. Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya uji, ndugu zangu, na aliyechungulia jikoni akaona unga angeuliza, angejibiwa.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1998, Kandida akiwa shambani, kopo la dawa lilitoweka, na la pili lililopatikana kwa taabu kati ya mafuriko nalo likatoweka, huku Beatus akiambiwa na mtu wa nyumbani kwamba mkewe anamlisha sumu. Maneno hayo yalimkuta hana dawa, akayaamini, akakataa chakula cha mkewe, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, akatoka kwenye mvua akapotea. Alikuja kupatikana Mlimba, kandokando ya reli, amelowa na anatetemeka, aliyemwokota ni Masanja, mfugaji Msukuma, ambaye wengine hapa mkimwona mnaanza kushuku kwamba ng'ombe wake wamekula mpunga, akamfunika shuka lake, akampandisha treni hadi hospitali Ifakara. Huko aliugua nimonia, akafariki tarehe 21 Aprili 1998, na kabla hajanyamaza kabisa aliomba uji, akasisitiza upikwe na Kandida, akaumaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Sista Digna, ndugu yetu Masanja, majirani mliochota maji na kupika, na wenzake marehemu waliozima mashine ili waje kumzika. Mkimwona mwingine anabadilika kama alivyobadilika Beatus, muulizeni, mpelekeni, msimnong'one. Nawe uliyejisifu juzi, mbele ya wanaume waliokuwa wakiota moto hapo nje, kwamba ulizimwaga sumu za Kandida chooni ili umwokoe ndugu yako, nakushukuru kwa kunipa jibu nililolitafuta tangu Januari, sitakutaja, ila gari la kwenda kwa mnyoaji kesho kutwa umelikodi wewe, na shemeji yangu halipandi. Sasa tunakwenda kaburini, na wa kwanza kuweka udongo ni mke wa marehemu, mkono wa mtu usimzuie.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu Beatus. Mkeo tunaye, na haendi popote.