Neno Nililomwambia Mume Wangu Kitandani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mimi ni mama Neema, muuza dagaa wa Kibirizi. Wengi mnanijua kwa kelele zangu pale mwaloni, boti za uvuvi zinaposhusha samaki. Leo nasimama kwa aibu, lakini nitasema.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Asubuhi moja aliinama kufunga viatu, hakuinuka. Kiharusi! Upande wote wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka. Mwaka wa kwanza nilimwogesha huku naimba. Wa pili nilimwogesha kimya. Wa tatu mama mkwe alikuja kutoka Kasulu, nikamwachia kazi yote. Nikaacha kanisa, nikaacha hata kuomba. Nilisema Mungu ametusahau.

Masika ile mvua iliwakuta dagaa wangu wameanikwa, wakaoza wote. Nikarudi nyumbani nimelowa, nina hasira. Mama mkwe ametoka, shuka la mgonjwa limechafuka. Ndugu zangu, nilimwambia usoni, "Si ufe tu, tupumzike wote?"

Aligeukia ukutani.

Wiki haikuisha, malaria ikaniangusha. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwao msibani, na Neema, binti yetu, alituachia uji akaenda shule. Nimelala mkekani, sina nguvu hata ya kuinua kichwa, nikasikia kitu kinaburuzwa sakafuni. Ni yeye! Anasogeza kikombe mbele kwa mkono wake mmoja mzima, anajivuta, anasogeza tena. Uji nusu umemwagika. Aliponifikia alihangaika na mdomo wake mpaka jasho likamtoka, kisha akasema, "Kunywa."

Neno la kwanza tangu augue! Na alinipa mimi!

Nililia kama mtoto. Nikamuuliza, "Baba Neema, siku ile ya mvua, ulinisikia?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Hapo ndipo nilipomrudia Bwana, ndugu zangu, chini pale, na uji kwenye kanga. Niliyemdhani ametusahau alikuwa ndani ya nyumba yangu miaka yote mitatu, nami nampita kwenda sokoni!

Sitawadanganya. Mume wangu hakutembea tena. Nilimuuguza miaka miwili mingine kwa furaha, kisha akalala katika Bwana. Yeye alinisamehe, Bwana amenisamehe. Lakini ile miaka niliyompita kama kiti, nani atanirudishia? Najuta mpaka leo.

Namshukuru Mungu ambaye hakuchoka nami nilipochoka naye. Mtegemeeni, ni mwaminifu! Na kama nyumbani kwako kuna mtu umemwambia neno baya, usisubiri kuombewa hapa mbele. Inuka sasa hivi, uende. Ibada tutaimalizia sisi.