Glavu za Mama

Basi la kutoka Medellín kwenda Yarumal lilikuwa limeshamaliza mlima, na Eucaris alikuwa amefumba macho, maana ukijifanya umelala watu husema zaidi.

Kwenye kiti cha mbele yake, mwanamke alikuwa akimwonyesha jirani yake glavu mbili za kitambaa cha maua, zilizoshonwa kama mifuko bila nafasi za vidole, zenye kamba za kufungia mkononi. "Za mama. Anang'oa mpira wa puani tunaomlishia. Ugonjwa huu wa kusahau ulimmaliza bibi, sasa umemshika yeye."

"Kwa hiyo mnamfunga," alisema jirani, mwanamume ambaye alionekana kutafuta mtu wa kugombana naye tangu Medellín. "Baba yangu nilikataa asiwekewe mpira. Nilimpa aguapanela, maji ya sukari guru, kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka akafumba mdomo mwenyewe."

"Yaani ulimuua kwa njaa!"

"Ndivyo wanavyosema dada zangu. Kijiko hawakukishika hata siku moja."

"Mama yangu hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kula. Leo nimwache yeye na njaa? Na hizi haziumizi, kaka. Ona." Akavaa moja. Ilimkaa kama aliyepimwa ni yeye.

"Vaa na ya pili," alisema mwanamume, akamkazia kamba zote mbili.

Eucaris alisahau kabisa kwamba amelala.

Kondakta akaita kituo cha Llanos de Cuivá. Mwanamke akainuka, akahangaika na fundo kwa meno, wapi. "Nifungulie basi, kaka, nimefika!"

Mwanamume hakunyoosha mkono. "Na mama yako," aliuliza, "huwa anamwambia nani amfungulie?"

Basi likasimama.